Kushuka Baiskeli Mbele ya Mama Mkwe

Tangu nirudi, kila rafiki anayepita hapa kwangu Igoma ananiuliza habari za safari, na kila mmoja amekwisha kusikia yake. Wapo waliosikia kwamba nilifika Majita, kwa wakwe zangu, juu ya lori la samaki. Wapo waliosikia kwamba nimeoa mke wa pili njiani. Maduhu, fundi wangu wa baiskeli, ambaye ndiye angepaswa kunitetea, anacheka tu na kuendelea kuziba pancha. Basi naandika mara moja, msome wote, kisha mniache nipumzike.

Mambo mawili mnayajua. Kiwanda cha nguo kilipotupunguza, nilitoka getini na baiskeli yangu na siku zote nilisema hiyo inatosha. Halafu kiharusi kikanipiga upande wa kushoto, na tangu hapo mkono wa kushoto haukazi kitu na mguu wa kushoto unafanya kazi siku unayotaka. La tatu hamlijui, kwa sababu nilikuwa sijamwambia mtu isipokuwa mke wangu Veronika.

Miaka miwili iliyopita alipofariki baba mkwe, nilikwenda msibani kwa lori, na ugonjwa ulikuwa bado mbichi. Wanaume wanne walinishusha kama gunia la pamba, wakanisimamisha mbele ya wanawake waliokaa kwenye mikeka. Mguu ukanikatalia. Nikashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa bega la mama mkwe.

Mnaelewa maana yake. Mtu hamgusi mama mkwe. Unasimama mbali, unainamisha kichwa, unasalimia, basi. Mimi nilimng'ang'ania mbele ya ukoo mzima, naye anamlilia mumewe.  Alijitoa mkononi mwangu taratibu, akaenda upande wa jikoni. Tangu siku hiyo sikukanyaga kwake.

Mwaka huu Veronika alikwenda kumuuguza. Baada ya mwezi mmoja ikaja barua: jicho moja la mama limezima na la pili linafifia, na anasema mkwe wake aje angali anaona. Mwishoni Veronika aliandika, "Panda basi, usilete ukaidi wako."

Basi! Ili makondakta wanishushe mlangoni nikiwa nimeshikwa kwapa huku na huku? Nikasema nitakwenda kwa baiskeli, nitashuka mwenyewe, naye mama ataona kwa macho yake.

IGOMA HADI KISESA

Kwa Maduhu tuligombana asubuhi nzima. Alihamisha breki ya kushoto akaiweka kulia, zote mbili zikawa chini ya mkono mzima. Akapandisha usukani ili nisilalie mkono mbovu. Yote hayo nilikubali. Aliposhika spana kwenda kwenye kiti, nikamshika mkono.

"Hapo usiguse."

"Kaka, miguu yako haifiki chini. Ukisimama ghafla utaanguka."

"Nitaanguka nikiwa juu."

Ninyi mnajua kwetu mwanamume hukaa juu. Kiti kinapandishwa mpaka ncha ya kiatu ndiyo inayogusa pedeli. Kiti cha chini ni cha mtoto anayejifunza. Nilikuwa nimekaa juu miaka thelathini, na sikuona kwa nini kiharusi kinichagulie mahali pa kukaa. Nikafunga fimbo yangu kwenye bomba la juu, mkoba wa spana kwenye keria, nikapanda kwa kukanyaga jiwe la mlangoni pa Maduhu. Kushuka, nilipanga, nitakuwa natafuta ukuta, nguzo au kichuguu cha kuegemea.

Mpango huo ulidumu mpaka karibu na Kisesa. Pembeni mwa barabara alikaa mzee mmoja akitengeneza nira ya ng'ombe wake, maana mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Desturi ni kwamba ukimkuta mzee wa namna ile unashuka kwenye baiskeli, unashika usukani, unasalimia vizuri. Nikatazama kulia na kushoto. Hapakuwa na ukuta, nguzo wala kichuguu. Nikapiga kengele, nikasema kutoka juu, "Shikamoo, mzee!"

Hakuitika. Nilipokwisha kumpita nikamsikia nyuma yangu, "Siku hizi shikamoo inapita na upepo?"

Ningeweza kwenda zangu. Lakini nilikuwa naendea adabu, na mtu hawezi kuanza safari ya adabu kwa kumkosea adabu wa kwanza anayekutana naye. Nikafunga breki. Mguu wa kulia ukatafuta ardhi, haukuipata, nikaenda chini na baiskeli ikalala juu yangu.

Mzee alikuja polepole, akanitazama mguu, akaelewa. Jina lake Mzee Ngassa. Aliinua baiskeli kwanza, mimi baadaye, jambo lililonifurahisha, maana hakunifanya mgonjwa. "Marahaba," akasema ndipo. Akanipa kikombe cha togwa, tukakaa. Akaniwekea ile nira mapajani.

"Unaona pete hii ya kufungia mnyororo wa jembe? Ng'ombe wangu wa kushoto aliumia mguu mwaka jana. Watu wakaniambia, Ngassa, mchinje huyo. Nikasogeza pete vidole vitatu kuelekea yule wa kulia mwenye nguvu. Sasa mzigo mwingi anabeba yeye, na wanakwenda sambamba. Shamba halijui nani dhaifu."

Nikamwambia mimi si ng'ombe.

"Ndiyo," akasema. "Ng'ombe hakubisha."

NYANGUGE

Nilifika Nyanguge jua linainama, nyonga inaniwaka moto. Niliegemea ukuta wa karakana ya kwanza niliyoiona, nikateremka kwa kuukumbatia ule ukuta. Mwenye karakana alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga khanga juu ya suruali ya kazi: Mama Kulwa. Mumewe alikuwa fundi, akafa, akamwachia spana na mapacha. Nikamwomba anitazamie mnyororo tu, nikaenda jirani kula ugali na sato wa mchuzi. Nilikuwa na njaa ya kweli. Nilikula mpaka nikamwonea haya mama mpishi.

Niliporudi, kiti cha baiskeli yangu kilikuwa kimeshuka vidole vinne.

Sitawaficha, nilikasirika. Nilimuuliza kwa sauti ambayo hata wauza mchicha wa upande wa pili waligeuka, "Nani amekuambia uguse kiti?"

"Kiuno chako, baba. Nimekuona ukija tangu kule darajani. Unayumba kulia, unayumba kushoto, kila pedeli inapokwenda chini unaifuata na kiuno kizima. Kiti hicho kilikuwa cha mtu mwingine."

"Cha nani?"

"Cha wewe wa zamani."

 Akaendelea kama mtu anayepanga mboga sokoni. "Lakini kiti kikishuka, goti la kushoto litajikunja mno pedeli ikifika juu, nalo nimeona halitaki kujikunja. Kwa hiyo nataka kufupisha mkono wa pedeli wa upande huo. Ninao mmoja wa baiskeli ya mtoto. Mguu mbovu utazunguka duara dogo, mzima utazunguka kubwa. Unakubali au unaendelea kunifokea?"

Nikaikumbuka pete ya Mzee Ngassa. Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, nikasema afanye. Aligonga pini, akatoa mkono mrefu, akapachika mfupi. Kwa kuwa wayo wangu ulikuwa unateleza, akanifungia pedeli ya kushoto kamba ya mpira wa tyubu. Akanifundisha na kupanda upya: usiruke kama kijana, ilaze baiskeli, pitisha mguu mbovu juu ya bomba kwa kuuvuta kwa suruali, kisha uinuke nayo. Kushuka ni hivyo hivyo kinyumenyume. Nikajaribu. Miguu yote miwili iligusa ardhi. Nilijiona mfupi, na nilijisikia vizuri, na sikupenda kwamba nilijisikia vizuri.

"Unakwenda wapi na haraka hivi?" akauliza.

"Ukweni. Nataka mama anione nikishuka mwenyewe."

Hapo ndipo uongo ulipozaliwa. Mama Kulwa alinitazama mvi, akatazama shati langu jeupe lililopigwa pasi ndani ya mfuko wa nailoni, akapiga kigelegele. Alidhani nakwenda kuposa, na kwamba wakwe wanataka kwanza kuona kama mzee bado ana nguvu. Nilipojaribu kueleza, alikuwa amekwisha kumwambia kondakta wa basi la Musoma, na kondakta ni sawa na redio.

MAGU HADI LAMADI

Siku mbili zilizofuata upepo wa ziwani ulinipiga usoni, na lami yenye mashimo ilinifanya niende kama anayesuka mkeka. Hata hivyo nilikuwa nakwenda. Mguu wa kushoto ulizunguka duara lake dogo bila kulalamika, nyonga ikapoa, nikaanza hata kuimba. Nilishuka kwa kila mzee niliyemkuta. Nadhani nilisalimia na wengine wasiostahili, kwa raha tu ya kushuka.

Majivuno yakaniponza baada ya Magu, palipo na majaruba ya mpunga. Bibi mmoja alikuwa anakuja na kuni kichwani. Nikasimama kwa madaha, nikateleza kidogo kwenye tope, mwili ukaenda kushoto. Mtu mwenye mguu huru angeutupa chini. Wangu ulikuwa umefungwa kwa ile kamba ya tyubu. Nilianguka mzima mzima ndani ya jaruba, na baiskeli ikanifuata, maana tulikuwa tumefungwa pamoja.

Bibi aliweka kuni chini ili acheke vizuri. Waliokuwa wanachimba tuta walikuja kunikatia kamba, na mmoja wao akanikazia macho. "Huyu si ndiye bwana harusi wa Nyanguge?" Kondakta alikuwa amenitangulia. Wakanikalisha, wakaniletea michembe, vipande vya viazi vikavu, iliyochemshwa na karanga, wakanipa na nasaha za ndoa. Nilikula viazi vyao na nasaha zao huku tope linanikauka mgongoni.

Pale nilifikiri. Mguu ulihitaji kushikwa mbele usiteleze, na kuachwa wazi nyuma uweze kutoka. Nikamwomba mmoja wao katambuga yake ya kushoto, kiatu cha tairi kilichokwisha kulika kisigino, nami nikampa kandambili zangu mpya. Nikaifunga katambuga juu ya pedeli kwa waya na nati mbili. Mguu unaingia kama unavaa ndala, na ukirudisha nyuma unatoka. Nilijaribu kupanda na kushuka mara kumi mbele yao. Mara ya kumi hawakucheka tena, wakarudi kwenye tuta lao.

Lamadi nilipokewa na wanawake wauza samaki waliopiga vigelegele kwa pamoja. Nikachoka kukanusha, nikala sangara wa kukaanga wa bwana harusi, nikalala.

BUNDA

Njiani kuelekea Bunda nyani walinizuia kwa muda, wakakaa katikati ya barabara kana kwamba wanasubiri mkutano. Sikushuka kuwasalimia. Nilifika mjini mchana, nikiwa nimechoka lakini mzima, nikiamini kwamba kilichobaki ni siku moja ya barabara ya vumbi.

Penye stendi akaniita mama mmoja muuza dagaa, Mama Magesa, anayetoka kijiji cha ukweni. Uso wake haukuwa wa mtu mwenye habari njema.

"Shemeji, unaendesha hiyo baiskeli mpaka kwetu? Basi ujue, mama yenu tangu juzi anawatambua watu kwa sauti. Lile jicho la pili linakwenda. Na lori lile pale la samaki linarudi ziwani sasa hivi, tupu. Dereva ni wa kwetu. Jioni hii utakuwa umefika."

Dereva alikuwa amekwisha kufungua ubavu wa lori. Wapakizi wawili walinisogelea, mikono tayari. Walikuwa watu wema, nami niliwachukia kwa dakika nzima.

Fikirini hesabu yangu. Nikipanda, nitafika leo, labda bado anaona kidogo. Lakini atakachokiona ni kile kile cha mwaka ule, mkwe anashushwa. Nikiendesha, nitafika kesho, na pengine nitashuka vizuri mbele ya macho yasiyoona. Nilisimama nimeshika usukani. Niliogopa kuliko siku ya kiharusi, maana siku ile sikuulizwa nichague.

"Mwambie Veronika nakuja kesho," nikamwambia Mama Magesa. "Mwambie asimtume mtu kunipokea."

"Shemeji, ukaidi huu ni wa nini?"

"Si ukaidi. Kuna kitu nilikivunja pale, na siwezi kukiunga nikiwa mikononi mwa watu."

Lori liliondoka na vumbi lake. Nikakaa juu ya kreti ya soda, nikatoa spana, nikapima mguu wangu wa kushoto kwenye pedeli. Kwa siku zile ulikuwa umelegea kidogo, unanyooka zaidi ya ulivyotoka nyumbani. Mwili haukai mahali pamoja, hilo nalo nimelijua njiani. Nikapandisha kiti kidole kimoja. Kidole kimoja tu, na si kwa majivuno.

BUNDA HADI UKWENI

Barabara ya kwenda ziwani ilikuwa vumbi asubuhi na tope mchana, kwa sababu mvua ilinikuta katikati. Udongo mweusi ulijaa kwenye tairi mpaka magurudumu yakagoma kuzunguka. Nilishuka nikakwangua kwa ncha ya fimbo, nikapanda, nikaenda hatua mia, nikashuka tena. Mwanamume mmoja mwenye punda alitaka kunibebea baiskeli. Nikamshukuru, nikakataa. Akaniuliza kama nimeweka nadhiri. Nikasema ndiyo, akaniacha kwa heshima.

Kabla ya kijiji kuna mwinuko ambao kutoka hapo unaliona ziwa lote na paa la nyumba ya mama mkwe. Pale nilisimama, nikanawa tope kwenye dimbwi, nikavaa shati jeupe. Nikafanya mazoezi ya kushuka mara tatu. Mara ya pili nilianguka, ya kwanza na ya tatu sikuanguka. Nikateremka.

Uani walikuwapo watu kama kumi. Mama mkwe alikaa mlangoni kwenye kigoda kirefu, walichokiongezea miguu kwa sababu magoti yake nayo hayamwinui tena. Alikuwa amegeuza uso upande wa barabara. Walioniona wakaanza kukimbia, mikono mbele, Veronika akiwa wa kwanza.

"Msiniguse!" nikapiga kelele. "Veronika, tafadhali, wazuie!"

Akanyoosha mikono miwili, akawazuia. Miaka thelathini ya ndoa, na sijawahi kumpenda kama dakika ile.

Nikafunga breki kwa mkono wa kulia. Mguu wa kulia ukapata ardhi. Nikarudisha wa kushoto nyuma, ukatoka kwenye katambuga. Nikailaza baiskeli polepole, nikashika suruali, nikauvuta mguu juu ya bomba. Ulikwama.  Nikauvuta tena, ukapita. Nikainuka, nikainua baiskeli, nikasimama mahali mkwe anapopaswa kusimama, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Alikuwa anatazama kidogo pembeni yangu, si kwangu.  "Nani amekushusha?"

"Nimeshuka mwenyewe."

"Ngoja. Usisogee."

Akaweka kiganja juu ya paji la uso kuzuia mwanga, akanitazama kwa muda mrefu, akinyoosha kidole kama mtu anayehesabu vifaranga.

"Sura siioni tena," akasema. "Ila naona vivuli viwili. Kimoja kirefu, hicho chako. Kingine cha baiskeli. Kivuli cha mtu wa kukushika hakionekani."

"Hakipo, mama."

Akashusha kiganja. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Siku ile ya msiba niliondoa bega mapema. Ulikuwa bado hujasimama vizuri. Niliona haya, watu wengi, nikaondoka nikakuacha. Ulipoacha kuja nikasema, mkwe wangu amenikasirikia, na ni haki yake. Ndiyo maana nilikuita. Nilitaka nikuone kama umesimama."

Miaka miwili. Mimi Igoma naona aibu, yeye Majita anaona aibu, kwa bega lile lile. Machozi yalinitoka mbele ya watu wote, na sikuyafuta, kwa sababu mkono wangu mzima ulikuwa umeshika baiskeli.

"Nimesimama, mama," nikasema.